Jina la Mgongoni

Bi Tabu alikuwa fundi wa jezi wa timu ya mpira wa kikapu iliyoshinda mechi tatu tu msimu mzima. Kabla mchezaji hajaambiwa kwamba anapelekwa timu nyingine, Bi Tabu alikuwa ameshaagizwa kulifumua jina lake mgongoni mwa jezi. Asubuhi hiyo kijikaratasi cha meneja kilisema: namba tisa.

Namba tisa, nahodha Shaweji, akaingia mwenyewe, jezi mkononi.

“Shikamoo, Bi Tabu. Imeachia kwapani. Nishonee, kesho tuna mechi.”

“Marahaba, mwanangu.” Akakisukumia kijikaratasi chini ya cherehani.

“Umesikia wanapunguza mishahara ili wasivuke kikomo cha ligi?” Shaweji alisema huku akikanda goti lake bovu. “Watapata nafasi ya kuleta vijana wawili warefu. Timu itasimama tena, utaona.”

“Inshallah.” Akapitisha uzi juu ya uzi.

“Mbona unashona mara mbili?”

“Isije ikaachia tena.”

Simu ya Shaweji ikaita. Akasikiliza. “Sawa, bosi,” akasema, kisha akamtazama fundi, naye akainamisha uso.

“Kumbe ulijua.”

Shaweji akaigeuza jezi, mgongo juu, akamwekea mapajani.

Bi Tabu akaanza na herufi ya mwisho, kama ilivyokuwa desturi yake. Moja moja akampa kiganjani. Zilipokwisha, akakung'uta nyuzi, akainyanyua jezi dirishani. Jua na sabuni za miaka kumi na moja zilikuwa zimeipausha kote, isipokuwa pale zilipokaa herufi. Jina SHAWEJI bado lilisomeka, kwa rangi ya jezi mpya.