Faini ya Nungunungu

Enzi zile wanyama wa mashimoni walikula sinia moja. Baadaye kila mmoja akajifungia kwake, wakamweka mzee Nungunungu kuwa mwenyekiti wa kutoza faini. Faini ya kosa lolote ilikuwa kikapu cha viazi. Ngiri tajiri alimwaga udongo mlangoni kwa panya Buku kila siku, akalipa huku akicheka. Buku maskini alikosa mara moja tu, wanawe wakalala njaa.

Nungunungu aliona uchungu, akabadili sheria. "Mkosaji atapeleka chakula chake kwa aliyemkosea, wale pamoja."

Ngiri alipeleka chakula kwa Buku amenuna, akarudi akiimba nyimbo za utotoni mwao.

Kesho yake Buku alimwaga udongo mlangoni kwa Ngiri makusudi, akabisha hodi na chungu mkononi. "Jirani, nimekosa! Tule."

Nungunungu aliwasikia wakicheka kama zamani, akaanza kutafuta kosa la kufanya yeye.