Kabla Sauti Haijaondoka

Kesho yake Mwasiti angepasuliwa koo lenye saratani, na madaktari walikwisha kumwambia kwamba sauti yake haitarudi. Mumewe, Mbaruku, aliketi mbele ya kompyuta yao kuukuu, ambayo tangu kipanya chake kiharibike ilisikia amri za kuandikwa tu. Akachapa amri ya kurekodi, akabonyeza kitufe, akamwashiria mkewe aanze.

Mwasiti alikusudia kumuusia binti yao, Siwema, aliyeolewa mbali. Maneno yakagoma.

“Baba Siwema, mbona umekaza uso kama unapigwa picha ya pasipoti?” alisema, na kicheko kikamtoka, kirefu, chenye mikwaruzo, mpaka akashika meza.

Mbaruku akakatisha kurekodi. “Nifute tuanze upya?”

“Hebu nisikie kwanza.”

Akachapa amri nyingine. Kicheko cha Mwasiti kikajaa chumbani, na nyuma yake kikasikika cha Mbaruku, chembamba kama cha mtoto. Hakujua kwamba naye alikuwa amecheka.

“Mtumie hiyo hiyo,” Mwasiti alisema, akijifuta machozi.

“Na maneno ya kumuaga?”

“Kwani nakwenda wapi?”

Mbaruku akatabasamu.

“Haya, nipishe hapo. Nifundishe hizo amri zako.”

Akampisha kiti. Mwasiti akainamia kibodi, akaanza kuzitafuta herufi kwa kidole kimoja, na kila aliyoipata akaitaja kwa sauti.