Kijinyoka cha Kwanza

Rais mpya alipoungana na waliokuwa maadui vitani, amri ikafika makaburini: walioandikwa "Shahidi" waandikwe "Marehemu". Fundi Makame alikuwa ameshalifuta neno hilo kwa patasi kwenye kaburi la Hamadi, aliyeuawa na maadui hao hao, mama wa Hamadi alipotokea na kopo la maji.

"Unafanya nini, fundi?"

"Nalisafisha jiwe tu, Bi Zuwena." Alijua mama huyo hajui kusoma.

Mama akapiga magoti, akalipapasa jiwe kama afanyavyo kila Ijumaa.

"Hapa mwanzo palikuwa na kijinyoka," alisema. "Kimekwenda wapi?"

Makame akaificha patasi nyuma ya mgongo. Kidole cha mama kiliendelea kutafuta, kikienda na kurudi kwenye vumbi jeupe, pale ilipokuwa herufi S.