Dawa ya Miiba ya Nyuki

Palikuwa na Fungo, mpenda asali na mwoga wa maumivu, aliyekwenda kwa mjomba wake Nyegere kujifunza kufuga nyuki. Siku ya kwanza tu, pua ilimvimba ikawa kama nyanya.

"Vumilia, mpwa wangu. Maumivu ndiyo yanayokuambia nyuki yuko wapi."

"Hayo waambie wenye ngozi kama yako, mjomba!"

Fungo akaanza kujaribu uyoga wa msituni, akitafuta wa kuua maumivu. Mmoja ulimharisha, mwingine ukamchekesha bure. Wa tatu, mweupe, ulioota kwenye gogo bovu, ukamtia ganzi mwili mzima. Akakitumbukiza kichwa mzingani, nyuki wakamvamia, naye akawacheka: "Chomeni, wapenzi, mtachoka wenyewe!"

Hakuhisi walipoacha kumchoma. Hakuhisi malkia alipomwingia sikioni, wala kundi zima lilipomfuata.

Asubuhi Nyegere alimkuta ameketi, mdomo wazi, nyuki mmoja akimtembea ulimini.

"Waendeleaje, mpwa wangu?"

Nyegere akamgonga mgongoni, kama wafugaji wagongavyo mzinga, akatega sikio. Ndani kukavuma.

"Maskini mtoto wa dada yangu," akasema, machozi yakimlengalenga na mate yakimdondoka. "Amejaa."

Akaenda kuwasha moshi.