Waya wa Miaka Sita

Kwa miaka sita Kibwana alikuwa akiulipua waya mmoja kwa hesabu tu, ndani ya kompyuta. Umeme mkali uliupitia, waya ukawa mvuke, mvuke ukawa plazma, wingu la moto linalozaliwa na kufa kufumba na kufumbua. Kila wingu lake lilipokataa kufanana na vipimo vya waya halisi uliolipuliwa maabara, aliisogeza namba moja tu ya hesabu yake, kidogo kidogo, mpaka vikalingana. Leo jopo la maprofesa lilimsubiri ukumbini, limpe shahada ya udaktari au limnyime.

"Nikatie kipande cha waya nikawaonyeshe," alimwambia Bi. Mwanaidi, fundi wa maabara.

Bi. Mwanaidi alikata waya, akaikwangua ncha kwa wembe ili ing'ae. Chini ya weupe ukatokea wekundu.

"Hii si shaba hii?"

"Shaba iliyopakwa fedha, mwanangu. Ndiyo tunayolipua siku zote. Kwani wewe uliandika nini?"

"Fedha tupu."

"Miaka sita yote hukuja hata siku moja kuushika?"

Kibwana alizoea kujisifu kwamba kazi yake haichafui mikono. Alirudi kwenye kompyuta, akafuta fedha, akaandika shaba, ile namba aliyoisogeza miaka yote akaiacha palepale. Akabonyeza.

Mlango ukagongwa. "Daktari mtarajiwa! Wanakuita!" karani alisema kwa furaha.

Kwenye kioo cha kompyuta wingu lilifunguka, likavipita vipimo vya maabara, likavuka ukingo wa picha, na bado lilikuwa likitanuka.