Mikono ya Tunu

Siku hizi katuni ukishaitia macho inaamka na kuongea, na sheria hairuhusu kuifuta. Mimi nilijifunza kuchora peke yangu nilipostaafu, lakini mikono ikanishinda kabisa. Kwa hiyo kila ninayemchora namficha mikono mgongoni.

Jana mke wangu, Rukia, alifunua daftari langu mezani. Tunu, msichana niliyemchora wa kwanza, akampa shikamoo, kisha akamwomba amkune pua.

"Kwani mikono yako ina nini, mwanangu?" Rukia akamuuliza.

"Baba alisema ni adhabu," Tunu akajibu. "Ila mpaka leo hajaniambia nilikosa nini."

Rukia akanigeukia. Nikainama kuchonga penseli niliyokuwa nimeshaichonga. Minong'ono ya kurasa nyingine ikakoma. Wote walikuwa wakisubiri jibu langu.