Hesabu ya Kiganjani

Mguu mmoja wa Selestina ulikuwa ndani ya boti, mwingine bado uko gatini Nansio. Injini ilikuwa inanguruma.

"Panda, binti," nahodha alisema. "Mwisho wetu kilo elfu mbili. Magunia kumi na mawili ya mia mia, watu kumi wa sabini sabini. Mia nzima inabaki."

Lakini viazi vya kwenye magunia hayo vilikuwa vya baba yake, aliyesimama pale gatini, na magunia yote yalikuwa lumbesa, yamejazwa hadi yakashonewa kichwa juu. Asubuhi Selestina ndiye aliyesoma mizani: mia na thelathini kila moja.

Alimwinamia mwalimu wake wa hesabu, aliyekaa karibu, akamnong'oneza jumla, kama anavyonong'ona darasani. Akamwonyesha kiganja alichoandikia hesabu. Wino ulikuwa unayeyuka kwa jasho.

Mwalimu alizidisha kimyakimya, midomo ikicheza.

"Umepata. Sasa sema kwa sauti. Kila siku nakuambia."

Selestina alimgeukia baba yake. Baba alitikisa kichwa, taratibu, akikataa.

"Elfu mbili mia mbili na sitini," Selestina alisema, na wote wakasikia.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama ashuke.